Upande wa Kushoto wa Iradukunda

Rozalia hakuipenda kompyuta, na tuseme ukweli, kompyuta nayo haikumpenda. Siku ya kwanza alipokalishwa mbele yake, dukani kwa Leonardi pale Mwanga, mjini Kigoma, aliishika mausi kwa vidole viwili, akaiinua juu na kuielekeza kwenye skrini. Mshale haukusogea. Akaiinua zaidi. Leonardi akamwambia, "Mama Ira, hiyo si rimoti. Iteleze mezani." Akaiteleza. Mshale ukakimbilia pembeni ukapotea, naye akaketi mikono mapajani, akingoja kuambiwa ameharibu nini.

Mtu angemdhania hana akili. Akili anazo, tena za kuwagawia wengine wanaozihitaji. Kudarizi alifundishwa na masista angali msichana, kule kwao Burundi, kwenye milima iliyo juu ya Nyanza-Lac, na sindano ikamkubali. Siku za soko vitambaa vyake vya makochi vilikwisha kabla wenzake hawajafungua mafungu yao. Akaolewa na Sindayigaya, muuza mbuzi, wakapata mtoto mmoja wa kiume, wakamwita Iradukunda, yaani Mungu anatupenda. Kisha mwaka 2015 nchi ikachafuka. Watu wakaanza kushuka kuelekea ziwani na magodoro kichwani, naye akashuka nao, mtoto kamshika mkono. Sindayigaya alibaki nyuma kuuza mbuzi waliosalia, akasema atawakuta mbele. Hakuwakuta, na habari zake hazikufika tena.

Walifikia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu kabisa na mpaka, ufuo mwembamba kati ya mlima na maji. Maelfu ya watu walikuwa wameshajazana pale wakingoja meli ya kwenda Kigoma. Walikunywa maji ya ziwa, na walijisaidia kando ya maji hayo hayo, maana pengine hapakuwapo. Kipindupindu hakikuchelewa. Ira alianza kuharisha asubuhi, na jua lilipokuwa linazama alikuwa ameshakufa. Watu wenye glavu na mabuti walimnyunyizia dawa, wakamfunga ndani ya mfuko, wakamzika upande wa mlimani pamoja na wengine. Mama yake hakuruhusiwa kumfunua uso. Wafu wa ugonjwa ule ndivyo wanavyozikwa, na Rozalia anaijua sababu, hamlaumu mtu. Lakini hakumwona, na jambo hilo limemkaa kooni hadi leo.

Kilichobaki ni picha moja ya pasipoti ya Ira, ile aliyopigwa shuleni. Aliifunga ndani ya nailoni akaitia kifuani. Meli haikuweza kusogea ufukweni, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi, na kuufikia mtumbwi ni kutembea majini. Maji yalimfika mabegani. Alipoitoa picha hiyo Kigoma, kwenye uwanja wa mpira walikopokelewa, upande wa kushoto wa uso wa mtoto ulikuwa umevimba na kubanduka, pakabaki karatasi nyeupe yenye madoa ya rangi ya chai. Upande wa kulia ulikuwa mzima: jicho moja, shavu moja, sikio moja, na nusu ya mdomo uliofumbwa kwa kumwogopa mpiga picha.

Alipelekwa kambi ya wakimbizi, akakaa mwaka na ushei, halafu akajipenyeza mjini kwa shangazi wa baba yake huko Buzebazeba. Bibi huyo, Manariyo, alivuka ziwa katika wimbi la wakimbizi la mwaka sabini na mbili, na sasa ni mtu wa Ujiji kuliko watu wa Ujiji wenyewe. Ukimsalimia kwa Kirundi anakujibu kwa Kiswahili, tena cha kukukaripia. Alimpa mjukuu wake chumba cha nyuma na masharti mawili: asigombane na jirani, na asionekane onekane barabarani. Mkimbizi asiye na kibali mjini hutembea kwa adabu. Anasalimia wa kwanza, anapisha wa kwanza, na akipunjwa sokoni anasema asante. Rozalia aliyajua hayo kabla hajaambiwa.

Kazi aliipata kwa Leonardi. Duka la Leonardi liko nyuma ya soko la Mwanga, hapo wanapotengeneza kadi za harusi, mihuri, fulana za kampeni na mabango. Shule zikimletea kazi ya masweta, nembo zilidariziwa na Rozalia kwa mkono wake, mwenge, kitabu, jembe, na mwalimu mkuu mmoja aliwahi kukataa katakata kuamini kuwa si mashine. Wote pale walimwita Mama Ira. Jina la mtoto likatamkwa kila siku, huku mtoto mwenyewe yuko Kagunga chini ya udongo, na hakuna aliyeona ajabu, maana mama akishaitwa kwa mtoto ndiyo basi.

Lakini sura ya mtoto ilianza kumtoka. Aligundua siku moja akitia uzi kwenye sindano. Alitaka kumwona Ira, kama alivyokuwa akimwona kila siku kazi ikimchosha, akafumba macho, na Ira akaja nusu. Jicho la kulia, shavu la kulia, na upande wa pili mweupe wenye madoa ya chai. Alifumbua, akafumba tena. Akaja vilevile. Miguu yake aliiona vizuri, hata ukucha wa kidole gumba uliong'oka na kuota umepinda. Sauti aliisikia. Ila uso ulikuwa umeliwa mahali palepale ambapo picha ililiwa. Hofu ilimshika, hofu kweli, kwa sababu mjini hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Baba hayupo, nyumba haipo, walimu wametawanyika, na bibi aliyebaki kambini ni mzee. Yeye akisahau, ndiyo imetoka hiyo.

Mwaka 2019 ukaingia na maneno ya kurudi. Mama mkwe wake, Leonia, bado alikuwa kambini, na alikuwa ameandikisha majina yao wote wawili kwenye msafara wa kurudi Burundi. Alimpigia Rozalia simu, akamwambia hivi, akimwita mwanangu kwa Kirundi: "Mwana wanje, hatuwezi kuvuka mpaka tukiwa na msiba mwilini. Tuganduke kwanza."

Kuganduka ndiyo siku ya kuvua msiba. Ndugu na majirani wanakusanyika, pombe ya ndizi inanywewa, marehemu anazungumzwa kwa mara ya mwisho ya maombolezo, kisha watu wanaruhusiwa kuoa, kucheka na kuendelea na dunia. Kwa mtoto mdogo aghalabu hawafanyi makubwa. Lakini Leonia alishikilia. Mtoto yule, alisema, hakukaliwa matanga hata siku moja, alizikwa na wageni wenye glavu, na kaburi lake ndilo wanaloliacha huku. Na alitaka jambo moja zaidi: picha yake kubwa itundikwe siku hiyo, kubwa kama mlango, watu wamwone uso, kisha waikunje waende nayo nyumbani. "Kaburi hatuwezi kulibeba," alisema. "Sura tutaibeba."

Rozalia akampelekea Leonardi ile picha. Leonardi aliigeuzageuza chini ya taa, akaiskani, akaikuza kwenye skrini, na uso wa Ira ukavunjika ukawa vijiraba vya kahawia.

"Itapasuka," alisema. "Picha ya kamera ni chembechembe, Mama Ira. Ukiikuza unakuza chembe. Labda tuichore upya kwa vekta. Vekta haina chembe, ni mistari tu ambayo kompyuta inaikumbuka kwa hesabu. Ikuze hata iwe kubwa kama ukuta wa bandari, haipasuki."

"Haipasuki kabisa?"

"Kabisa. Iache hapa, jioni utaikuta."

"Na huu upande mweupe?"

"Nitakisia."

"Wewe hukumjua," alisema Rozalia.

Hakusema kwa ukali. Leonardi alicheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Ni mtu wa kelele, Muha wa Kasulu aliyezoea kumaliza mambo kwa mzaha, lakini naye ana watoto. Akamwambia aje asubuhi kabla ya wateja, atamfundisha achore mwenyewe. Ndivyo mwanamke aliyedhani mausi ni rimoti alivyoanza kujifunza kuchora.

Somo la kwanza alilielewa haraka. Unafungua ukurasa mpya, unaiingiza picha, unaifunga isisogee, kisha juu yake unaweka leya, yaani tabaka jingine, tupu, na huko ndiko unakochora. "Ni kama karatasi ya kaboni," alisema Rozalia, maana hata yeye maua ya kudarizi huyanakili kwa kaboni kwanza. Leonardi akamsifu. Sifa zile zilimtia moyo kupita kiasi.

Somo la pili likamvunja. Leonardi alimwonyesha kalamu ya ndani ya kompyuta, ambayo haichori kama kalamu. Unabonyeza hapa, inaweka nukta. Unabonyeza pale, inaweka nukta ya pili, na mstari unazaliwa kati yake. Akamwambia aanze na shavu, mwenyewe akaenda kupokea mzigo wa karatasi. Aliporudi alikuta shavu la Ira limejaa nukta, zimebanana kama dagaa waliotandazwa juani, na mstari wenyewe umetetemeka kuanzia sikioni hadi kidevuni.

"Hapa umeshona," alisema Leonardi.

Kweli alikuwa ameshona. Mkono uliodarizi miaka yote hiyo ungefanya nini kingine? Kwenye kitambaa, mahali usipopitisha sindano hapana kitu. Mkunjo wa ua unatokana na mishono midogo iliyofuatana, kila mmoja umeuweka wewe, na ukiruka mmoja panaonekana. Sasa huyu anamwambia shavu zima nukta mbili, moja juu, moja chini.

"Bonyeza, usiachie, vuta," alisema Leonardi. Akavuta mwenyewe, na kwenye nukta ikachomoza mikono miwili midogo, mmoja huku, mmoja huku, na mstari ukajipinda taratibu ukawa shavu. "Ukivuta mkono sana, shavu linanona. Ukiurudisha, linakonda. Nukta chache, Mama Ira. Kila nukta unayozidisha ni kasoro."

"Na hapa katikati anachora nani?"

"Yenyewe."

"Inajuaje?"

"Inakisia, kutokana na ulivyovuta."

Neno hilo la kukisia Rozalia hakulipenda, na kwa siku nyingi zilizofuata, Leonardi akigeuka tu, alikuwa akirudi kwenye mishono yake. Leonardi akirudi anazifuta nukta. Akiondoka, nazo zinaota. Ilikuwa vita ya kimyakimya, na mshindi hakuonekana.

Kitu kingine kilichomsumbua ni kurudisha. Kwenye kudarizi ukikosea unafumua, na ukifumua kitambaa kinabaki na vitundu. Hata ukikifua na kukipiga pasi, mwenye jicho ataviona. Kompyuta ukikosea unabonyeza vitufe viwili, kosa linaondoka, na hapabaki alama. Leonardi alidhani atalifurahia jambo hilo kuliko yote. Rozalia aliinamia skrini akapatafuta mahali kosa lilipokuwa, hakupaona, akasema kitu kisicho na kovu hakiaminiki. Leonardi akamwambia aache ushirikina.

Alijifunza hivyohivyo, kwa kujikwaa. Alipaka rangi, ikamwagika ukurasa mzima kwa sababu mstari haukuwa umefungwa. Nukta ya mwisho lazima ikutane na ya kwanza, la sivyo rangi haina mipaka. Alichora nywele, zikamfunika mtoto uso wote, akashtuka mpaka akasimama, kumbe leya ya nywele ilikuwa juu ya leya ya uso. Siku moja alimaliza sikio lote, sikio zuri, umeme ukakatika kabla hajahifadhi. Alikaa gizani dakika nyingi mkono ukiwa bado juu ya mausi. Kesho yake akalichora upya, wala halikuwa kama la jana.

Lakini upande wa kulia ulikwisha. Mwishoni hata zile nukta chache alizizoea, mkono wake ukajua kiasi cha kuvuta. Leonardi alisimama nyuma yake akatazama. Kwenye skrini palikuwa na nusu ya mtoto mwenye jicho la woga na kope ndefu, na alipoikuza hadi kope moja ikaijaza skrini, haikupasuka. Rozalia aliomba aikuze tena. Akairudisha, akaikuza. Siku hiyo alirudi Buzebazeba akitembea katikati ya barabara, na Manariyo alimgombeza kwa sababu alikuwa anaimba akiosha vyombo.

Basi ukabaki upande wa kushoto.

Alijua ulikuwa tofauti. Hilo angeliapia. Kwanza kulikuwa na kovu: Ira alianguka kwenye jiwe la kunolea mapanga, damu ikamwagika, na Sindayigaya akafunga jeraha kwa kitambaa chake. Kitambaa alikikumbuka, damu aliikumbuka, hata jiwe. Kovu liliishia wapi, hakukumbuka. Lilikata nyusi, au lilikuwa chini ya jicho? Na sikio la upande ule lilichomoza kidogo kuliko mwenzake, au hilo lilikuwa la mtoto wa jirani? Aliweka nukta akavuta. Akatokea mtoto, lakini si wake. Akafuta, akaweka nyusi juu kidogo. Akaja mtoto mwingine, naye si wake. Kila asubuhi alizaa watoto wa watu upande ule wa kushoto na kuwafuta, na kompyuta haikubakiza alama ya hata mmoja wao. Siku moja alilia juu ya kibodi, na Leonardi akajifanya anatafuta karatasi stoo.

Ikabidi amwite mama mkwe. Leonia alipata kibali cha kuja hospitali mjini, na alipomaliza ya hospitali akapitia Mwanga. Leonardi alimwamkia shikamoo, akampa kiti karibu na skrini. Bibi alivuta kitenge chake, akaitazama ile nusu ya mjukuu wake kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Kovu liko wapi?"

"Ndilo ninalokuulizia, mabukwe," alisema Rozalia. Mabukwe ndivyo Warundi wanavyomwita mama mkwe. "Lilikuwa juu ya nyusi, au chini ya jicho?"

"Juu ya nyusi. Ya kulia."

"Ya kushoto, mabukwe."

"Ya kulia, mwana wanje. Mimi ndiye niliyekuwa nalipaka mafuta ya mawese. Nilikuwa namkalisha hivi, mkono wangu huu." Akauinua mkono, akauweka hewani juu ya kichwa cha mtoto asiyekuwapo, na ukweli ni kwamba mkono ulikwenda kulia.

"Kulia ndiko huku kwenye picha," alisema Rozalia. "Tazama. Nyusi nzima, kovu hakuna."

Leonia akafikiri. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Basi labda picha ilipigwa kabla hajaanguka."

Rozalia aliishika meza. Hilo hakuwahi kuliwaza. Miaka yote hii alijua kwamba nusu anayo na nusu hana. Kumbe hata ile aliyo nayo inaweza kuwa ya mtoto aliyekuwa bado hajafika kwenye jiwe lile, mtoto wa kabla. Alijaribu kukumbuka wapigapicha walikuja shuleni msimu gani. Wa maharage? Mvua zilikuwa zimeanza? Hakupata. Akamtazama mama mkwe, naye mama mkwe akawa anatazama mkono wake mwenyewe, na kwa jinsi alivyoutazama, sasa hata yeye hakuwa na hakika nao.

Leonardi hakuvumilia kuwatazama. Tusimlaumu; alitaka kusaidia, na tarehe ya msafara ilikuwa imeshatangazwa. "Ngojeni," alisema. "Hata sisi mafundi hatuchori pande mbili. Nembo, maua, nyuso, tunachora upande mmoja, mwingine tunageuza." Akaishika mausi, akaichagua nusu ya Ira, akainakili, akaigeuza kama kioo kinavyogeuza, akaisogeza mpaka zikakutana puani. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mtoto akawatazama. Macho mawili, mashavu mawili, masikio mawili yaliyochomoza sawasawa. Alikuwa mzuri, hakuna wa kubisha.

Leonia akaziba mdomo kwa kitenge. "Ni yeye," alisema, akaanza kulia. "Rozalia, ni yeye."

Rozalia alijua si yeye. Ira hakuwa na pande zinazolingana. Hakuna mtoto anayelingana hivyo, hata watakatifu wa kanisani hawalingani hivyo. Alikuwa na maneno ya kusema, na aliyaleta mpaka mdomoni. Angesema, aufute. Lakini akiufuta aweke nini? Na bibi alikuwa analia kwa furaha, machozi ya kwanza ya namna hiyo tangu Kagunga. Na yeye mwenyewe alikuwa amechoka, kuchoka kule ambako mtu akikuuliza jina unataja lolote.

"Chapisha," alimwambia Leonardi.

Waliganduka Buzebazeba, uani kwa Manariyo, Jumamosi. Bango lilitundikwa ukutani, kubwa kama mlango alivyotaka bibi, na kope zikaonekana moja moja, hakuna iliyopasuka. Walikuja Warundi wa mjini waliojificha kama Rozalia, na wachache waliokuwa kule ufukweni siku zile, na Waha majirani walioletwa na urwarwa, pombe ile ya ndizi. Leonardi alikuja na mkewe. Watu walisimama mbele ya mtoto wakatikisa vichwa. Wengine walimpiga picha kwa simu. Mwanamume mmoja aliyekuwa Kagunga, ambaye hakuwahi kumwona Ira ila ndani ya mfuko, alisema anamkumbuka vizuri sana mtoto huyu.

Manariyo, yule asiyetaka Kirundi, alizungumza Kirundi mchana kutwa na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Leonia alipopewa nafasi alishika ukingo wa bango. Alieleza jinsi mjukuu wake alivyopenda kufuata mbuzi na alivyokuwa mchoyo wa viazi. Watu walicheka, na kucheka kuliruhusiwa. Kisha akamgeukia mkwewe mbele ya wote. "Nilikuwa nimeanza kumsahau," alisema. "Nilikuwa naona haya kukwambia. Sasa simsahau tena. Asante, mwana wanje." Wakamimina pombe chini, msiba ukavuliwa, na kuanzia hapo Rozalia alikuwa huru kama mtu yeyote.

Kesho yake asubuhi alikaa mlangoni kumalizia nembo ya mwisho ya masweta, kazi aliyokuwa ameahidi kabla ya kuondoka. Alitia uzi kwenye sindano, akafumba macho kama alivyozoea. Ira akaja, tena akaja mzima. Ile sehemu nyeupe haikuwapo. Akaja na macho mawili yanayolingana, na masikio mawili, na nyusi mbili zisizo na kovu kulia wala kushoto. Rozalia alikaza macho, akamsukuma, akaita mambo mengine: ukucha uliopinda, jiwe, kitambaa chenye damu. Vikaja vyote, na kila kilichokuja kilikuja na uso ule ule juu yake. Akaita sauti, na sauti ikatoka kwenye mdomo ule uliogeuzwa. Alifumbua macho akadarizi mpaka mchana bila kuyafumba tena.

Siku moja kabla ya kwenda kambini kuungana na msafara, alipita Mwanga kuaga. Leonardi alikuwa anakata kadi za harusi.

"Lifungue lile faili la Ira," alisema Rozalia.

Leonardi akalifungua.

"Futa upande wa kushoto."

"Bango si mmeshalikunja?"

"Futa, fundi."

Leonardi akabonyeza, na upande wa kushoto ukaondoka. Ikabaki nusu aliyoichora yeye, kwa nukta zake chache alizojifunza kwa taabu, na pembeni yake weupe mtupu. Rozalia akavuta kiti akakaa. Aliutazama ule weupe muda mrefu, wateja wawili wakaingia na kutoka. Alikuwa anautaka kama ulivyokuwa zamani, wakati ukimtisha, wakati alikuwa akiutazama na kujua kwamba mahali pale pana mwanawe ambaye hajapatikana. Sasa ulikuwa weupe tu, haukumtisha tena. Akafumba macho ajaribu, mara ya mwisho, na mtoto yule akamjia mzima, amelingana pande zote mbili, anamtazama.

"Rudisha," alisema.

Leonardi akabonyeza vitufe viwili. Uso ukarudi kama ulivyokuwa, na hapakuonekana tundu hata moja.